Wenye Nyumba wa Hodge Hill

Nimefundisha Maandiko kwa miaka mingi kuliko ile niliyobakiwa nayo, na katika kufundisha huko nimejifunza kuvumilia karibu kila namna ya mtu: mlevi, mwongo, hata yule anayekoroma mstari wa mbele. Aina moja bado inanishinda. Ni mtu aliyesoma kitu kimoja cha zamani, akakipenda, kisha akaanza kutafuta watu wa kuwavalisha, kama muuza mitumba anayekukazania koti la mtu mwingine na kuapa kwamba lilishonwa kwa ajili yako.

Wa kwetu tulimwita Daktari. Alikuwa Mkenya wa makamo, mpole wa sauti, anayeishi Harborne, hapa hapa Birmingham, na mke wake, nesi wa hospitali kubwa ya pale. Yeye alikuwa ameandika tasnifu ya udaktari wa historia, na kazi yake yote ilihusu namna watu wa karne ya kumi na tisa walivyowachagua maseneta, yaani wajumbe wa baraza la juu la bunge. Siku alipotambulishwa ibadani, mama mmoja wa kwetu alimfuata baada ya baraka ya mwisho, akapandisha kitenge kidogo na kumwonyesha goti.

"Dokta, hii goti inaniuma tangu baridi ianze."

"Mama, mimi ni daktari wa historia."

"Ndiyo. Na hii goti iko na historia."

Ningependa mambo yaishie pale.

Ibada yetu ya Kiswahili ilifanyika kila Jumapili saa nane mchana, Hodge Hill, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa la Waingereza. Wengi wetu tunatoka Uvira, Fizi na Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tulifika hapa kama wakimbizi, halmashauri ya jiji ikatupa nyumba za kupanga mitaa ya karibu, na kanisani tunakwenda kwa miguu. Wakenya walikuwa wachache kuliko sisi, wakija na magari kutoka upande wa pili wa jiji. Walikuwa watu wema. Mke wa Daktari alikuja kila mara na kipimo cha presha, akakiweka mezani pembeni ya birika la chai, na wazee tukapanga foleni mikono ya mashati imekunjwa. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule, na shukrani hiyo siiondoi kwa lolote nitakalosema juu ya mumewe.

Neno la kuhama lilianza kama mnong'ono. Wakenya walisema ibada ihamie Harborne, ifanyike asubuhi, kwa Kiingereza, ili watoto wasipotee. Hoja ya watoto ilikuwa ya kweli. Wajukuu wangu wananielewa nikisema nao, lakini wananijibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yetu ni kama watu wawili wanaorushiana mpira juu ya ukuta. Ila mimi nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja tu, mke wangu.

Kiingereza chake kinatosha kumshukuru dereva wa basi. Jumatatu mpaka Jumamosi hana wa kuzungumza naye isipokuwa mimi, na mimi si mtu wa maneno mengi nikiwa na kitabu mkononi. Jumapili alitembea na fimbo yake mpaka ukumbini, na yeye ndiye aliyefungua ibada kwa maombi. Mwanamke niliyemsikia wiki nzima akisema "chai iko tayari" alisimama pale na kuomba kwa sauti iliyofanya watoto waache simu. Nilipompelekea habari ya Harborne alikuwa akimenya ndizi.

"Huko kunafika basi?" aliuliza.

"Mabasi mawili. Unabadilisha mjini."

"Na maombi?"

"Kwa Kiingereza."

Aliendelea kumenya. "Haya. Mungu atanisikia hata kwa jikoni."

Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonichoma.

Mpaka wakati huo mambo ya kanisa tuliyaamua kwa kunyosha mikono baada ya ibada, na kwa mikono hiyo kuhama kusingepita, kwa kuwa sisi tulikuwa wengi. Daktari alilijua hilo. Ndipo akatuletea Baraza la Juu.

Alikuja Jumapili moja na kompyuta na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Alieleza kwamba mataifa yaliyostaarabika hayakuacha mambo mazito mikononi mwa umati. Yalikuwa na nyumba ya chini, ya watu wote, na nyumba ya juu, ya watu wazima wenye busara na mali, ambao hawachaguliwi na umati bali na wateule wachache. Alisema "nyumba ya juu" mara nyingi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amelitafsiri neno la kitabuni mwake, na akina mama walianza kutazama dari.

"Kwani hapa kuna gorofa?" mmoja aliuliza.

"Si gorofa, mama. Ni bunge. Kuna nyumba ya juu na nyumba ya chini."

"Na nyumba ndogo ni ya nani?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hata mchungaji, kijana mwoga anayependa kila mtu, alijificha nyuma ya kikombe. Daktari alingoja kwa uvumilivu wa mtu anayeamini kwamba atakapomaliza kueleza hakuna atakayecheka tena.

Mfano aliouenzi kuliko yote ulikuwa wa Brazili, enzi ilipotawaliwa na kaizari. Huko, alisema, watu wenye kipato fulani walichagua wateule, na wateule, ambao sharti wawe na kipato kikubwa zaidi, walipendekeza majina matatu kwa kila kiti. Kaizari akachagua jina moja, na aliyechaguliwa akawa seneta mpaka kufa. Kisha akatuonyesha picha ya kanisa kuukuu lenye minara miwili. "Na kura zilipigwa wapi? Ndani ya kanisa la parokia! Misa kwanza, halafu uchaguzi. Wazee wetu, mambo haya si mageni kwa nyumba ya Mungu."

Mitume nao walipopungukiwa na mmoja walipiga kura, lakini kwanza waliomba, na sikusoma popote kwamba waliulizana kipato. Nilinyosha mkono.

"Daktari, Brazili ya wakati huo ilikuwa na watumwa?"

"Ilikuwa nao, mzee."

"Hao walimchagua nani?"

"Watumwa hawakuhesabiwa kama raia."

"Na waliokombolewa?"

Hapa alisita, na kwa haki yake niseme kwamba hakudanganya. "Waliokombolewa, kama walizaliwa huko huko, waliruhusiwa ngazi ya kwanza. Lakini hawakuweza kuwa wateule." Akabonyeza kitufe, picha ikabadilika haraka.

Wengi wa watu wale, au mama zao, walipakiwa melini kwenye mdomo wa mto ambao jina lake ndilo jina la nchi yetu. Walipelekwa ng'ambo, wakachapwa, wachache wakakombolewa, na siku ya uchaguzi wakaambiwa: mnaruhusiwa mpaka hapa, msipande ngazi inayofuata. Na sasa mtu mweusi mwenzetu alikuwa amesimama mbele ya wakimbizi kutoka Kongo, kalamu ya mwanga mkononi, akitusifia ngazi zile. Niliirudisha hasira yangu mfukoni, kwa kuwa birika lilikuwa limechemka na mke wake alikuwa tayari na kipimo.

Wiki iliyofuata alitugawia katiba. Ilikuwa kurasa nne za Kiswahili, ameiandika mwenyewe, na aliionea fahari kwa sababu haikuwa na neno hata moja la Kiingereza. Baraza la Juu lingekuwa na watu watano na lingeamua mahali pa ibada na lugha ya ibada. Hao watano wangechaguliwa na wateule, kutoka miongoni mwao. Mchungaji angemteua mwenyekiti kutoka majina matatu. "Mteule sharti awe mwenye nyumba. Kila nyumba itatoa mteule mmoja." Washirika wengine wote wangepewa nafasi ya kusema amina.

Kabla hatujaipitisha, Daktari alifika kwangu na keki ya dukani. Aliketi kwenye kiti chetu cha wageni, akanieleza kwamba kwa "mwenye nyumba" amekusudia mtu aliyenunua nyumba, au anayelipa mkopo wa benki. Nilihesabu kimoyomoyo. Wakenya walionunua walikuwa wengi. Upande wetu walikuwa wawili, na mmoja wao alishahamia mji wa Leeds.

"Mimi napanga, Daktari. Unajua."

"Kwa wewe tutafanya tofauti, mzee. Mtu wa elimu yako! Kutakuwa na kiti kimoja cha maisha. Tumekutengea wewe."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonyesha mlango. Sikumwonyesha. Niliangalia keki, na ndani yangu kitu kidogo kikajinyosha kama paka. Nilisoma chuo cha Biblia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndiko nilikojifunzia Kiswahili hiki ninachoandikia. Nilifundisha wachungaji ambao sasa wana makanisa makubwa. Hapa Birmingham nimesukuma mikokoteni ya nguo chafu za hoteli mpaka nilipostaafu, na hakuna aliyeniita mtu wa elimu. Kiti cha maisha! Nilijiona nimekikalia.

Mke wangu aliweka chai mezani. "Ile kiti ni ya maisha?"

"Ndiyo, mama," alisema Daktari. "Mpaka mwisho wa uhai wake."

Akanigeukia. "Na wewe uko na sukari na presha. Utaikalia siku ngapi?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, na nikamwambia nitaliombea jambo lake. Hilo ndilo jibu la watu wa dini wanaotaka kitu lakini wanaona haya kukipokea hapo hapo.

Katiba ilipita kwa mikono. Waliopinga ni wachache, kwa kuwa akina mama wa kwetu waliisoma na hawakuona ubaya wowote. Sababu yake niliielewa Jumapili ya kuandikisha wateule. Mke wa Daktari, ambaye ndiye karani wetu, aliketi mezani na daftari. Mumewe alisimama nyuma yake mikono mgongoni. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa goti.

"Mama, wewe ni mwenye nyumba?" nesi aliuliza.

"Kwani ni ya nani? Bwana yangu analala tu pale."

Akaandikwa. Nyuma yake foleni ilifika mlangoni, vitenge vitupu. Kwetu mwenye nyumba ni yule ambaye mgeni akibisha hodi anafungua na kusema karibu. Ndiye anajua sukari iko wapi na nani hajala. Benki haiingii kabisa katika neno hilo. Hakuna aliyepanga hila. Walikuwa wamesoma maneno yale kwa lugha ya mama zao, na wakaja kutimiza sharti.

"Ngojeni kidogo," alisema Daktari. "Hapa kuna kosa. Mwenye nyumba ni yule aliyeinunua."

"Sasa kama yangu ni ya halmashauri," alisema mama mmoja, "halmashauri ndiyo inafagia?"

"Mama, sheria husomwa kwa kusudi la mwandishi."

Mke wake aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Baba, hapa umeandika mwenye nyumba. Hukuandika mwenye kununua."

"Lakini wewe unajua nilimaanisha nini."

"Mimi najua. Katiba haijui." Na akamwita anayefuata.

Mume mmoja aliyekuwa akisikiliza mlangoni alilalamika. "Kama mke wangu ndiye mwenye nyumba, mimi ni nani?"

"Wewe ni mpangaji, papa," sauti ilimjibu kutoka kwenye foleni, "na kodi umechelewesha."

Nilijiunga na foleni mimi pia. Nilikuwa bado na kile kiti moyoni, niwe mkweli. Nilipofika mezani nesi alipitisha kalamu kwenye orodha, akaniangalia kwa huruma ileile anayoniangalia nayo presha inapopanda.

"Nyumba hii imeshaandikwa, mzee. Kila nyumba mmoja."

Nilitazama. Jina la mke wangu lilikuwa pale, ameliandika kwa mkono wake, kwa herufi zile kubwa nilizomfundisha mwenyewe katika kambi ya wakimbizi, kila moja imesimama mbali na mwenzake. Kile kiti cha maisha nacho hakikuwa kimeandikwa popote kwenye kurasa zile nne. Daktari alikuwa amekiahidi kwa mdomo na keki. Nilirudi kuketi na wasema amina.

Jumapili iliyofuata wateule walichagua watu wao watano. Wanne walikuwa akina mama wa kwetu, na wa tano alikuwa mke wa Daktari, kwa kura nyingi kuliko wote. Majina matatu yakapelekwa kwa mchungaji ili ateue mwenyekiti. Alilisoma lile karatasi, akaligeuza nyuma kuona kama kuna mengine.

"Hata nikifumba macho," alisema, "nitamshika mama tu."

Akamteua mke wangu. Sidhani alipima busara wala mali. Nadhani alimwogopa.

Mke wangu alisimama kwa fimbo yake. Daktari alikuwa ameandaa hoja ya kuhama, kurasa mbili, na alimpa nafasi aisome yote. Aliposikiliza mpaka mwisho alisema, "Asante, mtoto wangu. Umesoma vizuri. Lakini sisi hatuende." Baraza la Juu lilipiga kura. Wanne walikataa kuhama. Mke wa Daktari aliinua mkono upande wa mumewe, kwa sababu yeye kwa kweli alitaka watoto wake waelewe mahubiri, na hakuna aliyemnunia.

Ningeweza kukomea hapo nikiwa nimechekelea. Karne nzima ya kaizari na wateule wake na vyeti vyao vya kipato iliangushwa ukumbini mwetu na wanawake waliochukua neno la Kiswahili kwa maana yake. Nilichekelea kweli, wiki kadhaa, na kwa sauti. Nilimwiga Daktari na kalamu yake ya mwanga mbele ya wageni. Mke wangu alinitazama na kuniambia, "Wewe ulitaka kiti yake. Mucheke wote wawili."

Wakenya waliondoka kabla ya Pasaka. Hapakuwa na ugomvi. Tulikula pamoja pilau na ndizi za nyama Jumapili ya mwisho, wakatupa namba za simu. Wana ibada yao ya Kiingereza huko Harborne, na nasikia watoto wanaipenda. Jumapili iliyofuata meza ya chai ilikuwa na birika peke yake. Wazee wawili, kwa mazoea, walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Kwaya ilikosa sauti ya tatu. Tukirudi nyumbani mke wangu aliniuliza, "Sisi tulishinda?"

"Mlishinda."

"Sasa mbona viti ni vitupu namna ile?"

Nilimshika mkono tuvuke barabara.

Aliomba kila Jumapili kama kawaida yake, kwa Kiswahili, na waliokuwepo wakaitikia. Miezi ikapita. Mimi, ambaye nimewafundisha wengine subira, nilikuwa nimemtunzia Daktari sentensi moja. Niliinoa nikiwa naoga, nikairekebisha nikiwa kwenye basi. Ilikuwa na kaizari ndani yake, na keki. Niliamini Mungu angenipa siku ya kuitumia.

Siku ilikuja. Tulikuwa tumeimba wimbo wa kwanza mlango uliposukumwa, akaingia Daktari, bila kompyuta, amemshika mkono mwanamke mzee mwenye koti jipya lililomzidi na leso kichwani. Alikuwa mama yake, amekuja kutoka Kenya kuwatembelea kwa miezi mitatu. Baadaye Daktari alinieleza kwamba alikwenda naye Harborne Jumapili mbili. Ya kwanza mama alikaa kimya. Ya pili aliuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, "Hawa wanaomba saa ngapi?" Kumbe walikuwa wameshaomba.

Wimbo ulikufa taratibu. Watu waligeuka, kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa wengi waliijua sentensi yangu. Nilikuwa nimewasomea. Nilisimama. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika mdomoni.

Mke wangu alikuwa amenitangulia. Fimbo yake iligonga sakafu mpaka mlangoni.

"Karibu, mama. Karibu hapa kwa nyumba ya chini." Akamwangalia Daktari kwa jicho la pembeni, naye akainamisha kichwa, lakini nilimwona akitabasamu. "Niambie, mama. Wewe uko mwenye nyumba?"

Yule mama hakujua lolote juu ya maseneta. Alifikiri ameulizwa swali la kawaida. "Ya kwangu iko nyumbani," alisema. "Nimeiacha na kuku."

"Basi uko na kura," alisema mke wangu, na akampeleka mstari wa mbele, kwenye kiti changu.

Nilikwenda kukaa nyuma. Kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya Daktari. Tulikaa bega kwa bega, wapangaji wawili, na mke wangu alipomaliza kuomba tukasema amina.